Binti yangu amesilimu, sasa anaomba kuja kujifungua kwangu

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, dada.

Mimi ni mjane wa miaka 58, naishi Mbweni, Unguja. Ni Mwanglikana wa kuzaliwa. Babu yangu alitoka Masasi akaja huku kufanya kazi ya useremala kanisani, na tangu hapo nyumba yetu ni nyumba ya kanisa. Mwenyewe nafundisha watoto wa kipaimara, na ni mweka hazina wa umoja wetu wa akina mama. Sisemi haya kwa kujisifu, nataka tu ujue natoka wapi.

Nina mtoto mmoja, binti. Miaka mitatu iliyopita alipata kazi ya kufundisha skuli Pemba, huko Wete. Akapata mchumba, kijana wa hukohuko, akasilimu, akaolewa. Mimi niliambiwa kwa simu, ndoa imeshafungwa. Usiku ule nilipiga magoti mbele ya msalaba uliopo ukumbini kwangu nikaapa kwamba maadamu amevaa lile buibui, mlango wangu hatoukanyaga. Baba yake alinisikia. Hakusema neno, aliinuka akaenda kulala.

Mwaka jana baba yake akafariki. Mtaa mzima ulikuja, na wengi wao ni Waislamu. Walileta mikeka, wakapika, wanaume wao wakafuatana na jeneza mpaka makaburini Mwanakwerekwe. Binti yangu naye alikuja. Alisimama chini ya mwembe uani pamoja na majirani, amejifunika, macho yamemvimba. Nilipotoka kulifuata jeneza nilipita mbele yake, nguo zetu karibu ziguse. Sikumpa mkono. Sikumtazama. Jioni nikaambiwa alikwenda kulala kwa rafiki yake asubiri boti ya asubuhi, na kwamba kutwa nzima hakutia kitu mdomoni.

Wiki iliyopita nikasikia hodi. Ni mumewe. Hakuingia ndani, alikaa barazani kofia mkononi. Akasema, "Shikamoo mama." Nikamwitikia marahaba, maana ndivyo nilivyolelewa. Akasema, "Mama, nimekuja kuomba. Mwenzangu ana miezi minane. Mama yangu mzazi ni marehemu, kwetu hakuna wa kumkanda wala wa kumtunza arubaini. Kila usiku anakutaja wewe." Akaniachia mfuko. Ndani mlikuwa na doti ya kanga, imeandikwa: Mama nipe radhi kuishi na watu kazi. Nimeitia kabatini. Sijaikata.

Niliwaeleza wenzangu wawili wa umoja. Mmoja alifungua Waraka wa Pili wa Yohana akanisomea kwamba asiyeleta mafundisho ya Kristo tusimkaribishe nyumbani wala tusimpe salamu. Mwingine akasema nikimpokea watoto wa kipaimara watajua kwamba mwalimu wao amebariki kuikana imani. Nami ninao mstari wangu unaonikosesha usingizi: Bwana mwenyewe alisema ampendaye mwana au binti kuliko yeye, hamstahili. Nikimpokea, si ndiyo nimeshamchagua binti?

Tena nafikiria mambo ya ndani. Atatandika mswala ukumbini kwangu, mbele ya ule msalaba? Baba akitaka kumwadhinia mtoto ndani ya nyumba yangu nifanyeje? Na akika je? Halafu nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nimewaza kwamba akiwa amelala nimchukue mtoto nimbatize mwenyewe kwa maji ya bomba, kimyakimya, ili angalau roho yake iwe salama.

Nampenda Bwana wangu, na nampenda mwanangu. Nikikubali, atapanda boti baada ya wiki mbili. Nisaidie.

Mama wa Mbweni

JIBU

Milele, amina, mama mwenzangu.

Muda wako ni mfupi, kwa hiyo jibu nalitanguliza. Mpokee. Aje kwako, ajifungue, umkande, mmalize arubaini pamoja. Na msalaba wako ubaki palepale ulipo, usiushushe hata kwa saa moja. Nitakueleza kwa nini mambo hayo mawili hayagombani, kisha kuna jambo moja ambalo hukuniuliza, nalo ndilo nitakalokudai zaidi.

Nianze na ule Waraka wa Pili wa Yohana. Ni sura moja tu, mistari 13, utaumaliza chai haijapoa. Usome wote, usisomewe mstari mmoja. Mstari wa 7 unawataja watu wenyewe: wadanganyifu waliotoka kuzunguka duniani, wasiokiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Ni walimu wa kusafiri. Siku zile kanisa lilikutana majumbani mwa watu, na kumkaribisha mwalimu wa namna hiyo kulikuwa ni kumpa mimbari. Sasa mtazame binti yako. Anakuja na tumbo la miezi minane na miguu iliyovimba. Hakuomba mimbari. Anaomba maji ya moto na mtu wa kumkanda mgongo. Mwenzako aliyekusomea mstari ule ni mtu wa bidii na Neno, simdharau, lakini safari hii ameupeleka mstari mahali usikotumwa.

Na kama tunasomeana mistari, usome na 1 Timotheo 5:8. Paulo anasema mtu asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Neno lile mnaloliogopa, kuikana imani, Paulo hapo hakulisema juu ya binti. Amelisema juu ya anayemfungia mlango aliye wake.

Sasa mstari wako mwenyewe, Mathayo 10:37. Huo sitaupunguza makali, maana ni maneno ya Bwana, na kuna siku unakatika kweli katikati ya nyumba. Binti yako akikwambia, "Mama, shusha msalaba ndipo nije," hapo umewekwa kuchagua, nawe umchague Kristo huku unalia. Akikwambia, "Mama, Jumapili usiende kanisani, unanitia aibu kwa mume wangu," hapo pia. Je, amekuomba kimojawapo? Kwa barua yako, hajakuomba umwache Yesu. Kila alichoomba ni kitu ambacho Yesu mwenyewe ameagiza tumfanyie mhitaji. Ukimnyima, humpi Yesu chochote. Unatumia jina lake kulinda uchungu wako. Uchungu huo naujua, wala sikucheki. Kumwona mtoto uliyempeleka kipaimara akiondoka katika imani ni msiba, na hakuna anayepaswa kukukataza kuulilia. Ulie. Lakini machozi ni kitu kimoja, na adhabu ni kitu kingine.

Kuhusu kiapo chako. Fungua Waamuzi 11. Yefta alimwapia Mungu kwamba akirudi na ushindi, atakayetoka kwanza mlangoni mwake kumlaki atatolewa sadaka. Aliyetoka ni binti yake, mtoto wake wa pekee, na matari na michezo. Mungu hakuwa amemwomba kiapo kile, kama ambavyo hakukuomba wewe. Kila nikisoma sura ile naona baba ameapa, na binti ndiye aliyelipa. Kwa kiapo chako wewe, aliyelipa ni nani? Nenda kwa padri wako wiki hii, umweleze kama ulivyonieleza mimi, uungame kwamba uliapa kwa hasira mbele ya msalaba, ukakitue hapo. Kiapo cha kutenda neno lisilo la haki hakimfungi mtu. Kinachotakiwa ni kukitubu.

Labda unaogopa kwamba huruma italegeza imani yako. Basi nikukumbushe mtu ambaye sisi Waanglikana wa visiwani tumelelewa na habari zake, Askofu Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar tangu 1908 mpaka alipofariki 1924. Hapajakuwa na mtu mgumu katika mafundisho kama yeye. Mwaka 1913 maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda walikaa na wamisionari wa makanisa mengine kule Kikuyu, Kenya, wakaishia kushiriki komunio pamoja, na Weston akawashitaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba ni wazushi. Hakuwa mtu wa kusema yote ni mamoja. Lakini huyohuyo, vita vya kwanza vya dunia vilipofika huku na watu wakahitajika kubeba mizigo ya jeshi, alikwenda nao bara yeye mwenyewe kama kiongozi wao. Huyohuyo mwaka 1920 aliishambulia serikali ya nchi yake mwenyewe kwa maandishi, kwa sababu ya Waafrika kulazimishwa kazi. Na mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana kule London, watu waliopigania ubani na tabenakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia mkate wa komunio, kama alivyozipigania yeye, aliwaambia hawawezi kudai wanamwabudu Yesu ndani ya tabenakulo ikiwa hawamwonei huruma Yesu katika vichochoro vya maskini. Mtu yuleyule, mama. Ukali wake aliuweka kwenye mafundisho aliyoyashika, na hakuna mhitaji aliyeombwa kuulipia.

Hapo ndipo nadhani umekwama. Umefanya msimamo wako uwe mzigo wa binti. Msimamo wako ni kwamba wewe unamwamini Kristo, unasali, unafunga Kwaresima, hutabadili. Huo ubebe wewe, kila siku, mpaka uzikwe nao. Kukosa wa kumkanda baada ya uzazi wa kwanza si msimamo wako, hiyo ni njaa ya mtu mwingine.

Hayo ya ndani ya nyumba sasa. Mswala: mpe chumba chake, siyo ukumbi, si kwa kuficha kitu, ni adabu tu ya watu wawili wenye sala mbili chini ya paa moja. Na akishajifungua, katika siku za nifasi mwanamke wa Kiislamu hasali wala hafungi, kwa hiyo muda mwingi wa arubaini hilo unaloliogopa halitokuwepo. Wewe sali sala zako za jioni kwa sauti kama kawaida yako. Usinong'one ndani ya nyumba yako, wala usipaze zaidi ili akusikie. Chakula: nyama unayonunua buchani hapa Unguja anaila na yeye pia. Kama ipo sufuria iliyowahi kupikiwa nguruwe, itoe, nunua nyingine. Usimpikie uji wake wa pilipili manga katika kitu kitakachomtia wasiwasi.

Kuadhini: mimba ya kwanza ikazaliwe hospitali, nakuomba sana, na huenda baba akamaliza mambo yake hukohuko. Ikiwa ni nyumbani, mfungulie mlango. Ataadhini polepole sikioni mwa mtoto wake, dakika chache. Mtoto ana baba na mama, na wamekubaliana. Wewe ni bibi. Akika waachie wao waifanye kwa watu wao. Wakikualika, nenda ukakae na wanawake, ule, umshike mjukuu.

Ubatizo wa siri, hapana. Hapa sitakubembeleza. Kanisa humbatiza mtoto mchanga kwa ahadi, mbele ya watu, ya wazazi na wasimamizi kwamba watamlea katika imani. Wewe utaahidi nini, na nani atakayeisikia ahadi yako? Utamwaga maji juu ya kichwa cha mtoto wa mtu kama mwizi, halafu utamtazamaje mama yake asubuhi anapokuja kumnyonyesha? Siku akijua, na siri za nyumbani hujulikana, hatokuachia tena mtoto hata dakika moja. Roho ya mjukuu wako iko mikononi mwa Mungu anayempenda kuliko wewe. Muombee. Maombi hayahitaji ruhusa ya mtu.

Wala usimwambie binti yako kwamba dini zote ni sawa ili apate raha, ikiwa moyoni huamini hivyo. Atajua unadanganya. Mwambie ukweli mara moja, mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, mimi namwamini Yesu, na natamani siku moja urudi. Sitakusumbua kwa neno hili. Ukitaka kuniuliza, niulize." Kisha nyamaza, nyamaza kweli, usiwe unatia maneno kila ukimpa kikombe. Na kabla ya hapo wewe umwulize yeye. Katika barua yako nzima sijaona mahali ulipomwuliza kwa nini alisilimu. Sheria ya Kiislamu inamruhusu mwanamume kumwoa mwanamke Mkristo akabaki na dini yake, kwa hiyo pengine yapo mambo usiyoyajua. Msikilize mpaka mwisho bila kumkata.

Akina mama wa umoja. Waambie wewe mwenyewe, kabla hajashuka botini, wasije wakasikia kwa watu. Huenda wakakuvua uweka hazina. Sikufichi, inaweza kutokea, na itauma. Wape daftari na hesabu zao zikiwa zimenyooka, na Jumapili ukae benchi lako lilelile. Watoto wa kipaimara wakikuuliza, wafundishe Luka 15, ule mfano wa mwana mpotevu, na usiruke ile sehemu ya kaka mkubwa aliyesimama nje hataki kuingia.

Kaka yule namfahamu vizuri. Ndugu yangu wa tumbo moja alisilimu, na kwa miaka sita nilipita mbele ya nyumba yake pale Michenzani nikienda sokoni nikitazama upande wa pili wa barabara. Nilijiambia nashika imani. Siku nilipobisha hodi, mtoto aliyefungua mlango alikuwa na umri wa miaka mitano na sura ya marehemu mama yetu, akaniuliza, "Wewe nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nimesema kuna jambo hukuniuliza. Ni siku ile ya mazishi. Umeliandika kwa mistari michache ukapita, lakini nguo zile zilizokaribia kugusana umezikumbuka. Siku ile nyumba yako ilijaa Waislamu. Walipika jikoni kwako, walifuatana na mumeo mpaka kaburini, na najua uliwashukuru mmoja mmoja, maana ndivyo ulivyolelewa. Uliwapokea wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa amefiwa na baba yake. Kwa hiyo usijidanganye kwamba kilichokuzuia kumpa mkono ilikuwa dini.

Hilo usilisubirishe mpaka mtoto azaliwe. Wala usidhani ukimkanda vizuri litajifuta lenyewe. Unajua mila zetu, mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mzazi, na yeye ameshakuomba kwa kanga. Safari hii anza wewe. Mpigie simu leo, usimtumie ujumbe, na usimpitishie mumewe. Mwambie, "Siku ya baba yako nilikupita. Nilikosea. Nisamehe." Akilia, usikate simu. Akinyamaza, ngoja naye. Akikwambia maneno makali, anayo haki, yapokee. Hayo yakishatoka ndipo mzungumze habari za boti.

Kisha itoe ile doti kabatini, uikate, uipinde. Kipande kimoja jifunge siku utakayokwenda kumpokea bandarini Malindi. Cha pili kifue mara mbili tatu kilainike, kichanga apate cha kufunikiwa.